Kila Jumatano Mpima Mkojo Hutoka Nje

Saa moja na robo asubuhi ukungu wa Kibondo bado umelala kwenye migomba, lakini Mzee Venanti Ndihokubwayo ameshawasha taa yake ya spiriti. Mbele yake, juu ya meza iliyoungua hapa na pale, zimepangwa chupa kumi na moja: za dawa ya kikohozi, za penisilini, moja ya soda, na moja ya manukato ambayo anainusa, anacheka peke yake, kisha anairudisha mahali pake. Zote zina mkojo, na zote ni za wanaume.

Anamimina kidogo kwenye neli, yaani kile kibomba chembamba cha kioo, anaibana kwa koleo la mti na kuielekeza sehemu ya juu kwenye mwali. Midomo yake inahesabu kwa Kirundi. Mkojo unatokota, unabaki mng'avu vilevile ulivyoletwa, naye anaandika kwenye daftari: "Hakuna." Maana yake hakuna ute, ambao ukipashwa moto hufanya wingu. Maana yake figo za bwana huyu, aliyekaa kwenye benchi la nje akipiga miayo, zinafanya kazi yake sawasawa.

"Watu wanauonea kinyaa," anasema, akichukua chupa ya pili. "Mimi mkojo umenilisha miaka ishirini na mitatu. Umenivishia watoto. Nitauoneaje kinyaa?"

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, mrefu, mwembamba, na masharubu yaliyoota mvi upande mmoja tu. Kwenye karatasi za kituo hiki cha afya, kilicho juu ya kilima katika Wilaya ya Kibondo, yeye ni mfagizi na anapokea mshahara wa mfagizi, shilingi mia mbili themanini kwa mwezi. Kusema kweli, kufagia anafagia. Lakini kuanzia mwaka 1973 hadi miezi ya karibuni hakuna mkojo uliopimwa hapa bila kupita mikononi mwake.

Inapofika saa tatu kasoro dakika tano anafanya jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa. Anavua koti lake jeupe, anamkabidhi binti mmoja aliyejitanda kanga, anachukua jembe nyuma ya mlango na kutoka. Taa anaiacha ikiwaka. Anakipita chumba cha maiti, anateremka mpaka kwenye matuta ya viazi vitamu vya kituo, anaipa njia mgongo na kuanza kupalilia.

Leo ni Jumatano, siku ya wajawazito. Huko juu wameshaanza kufika, kina mama wa Kitahana na wa vijiji vya jirani, na vicheko vyao vinasikika mpaka huku bondeni. Mzee Venanti hageuki.

"Hapa siwaoni, na wao hawanioni," anasema. "Basi, wanakojoa kwa raha zao."

Anainama tena kwenye palizi lake.

Kuna mtu mmoja ambaye mzee anamsubiri asubuhi hii. Ni Niyonsaba, mke wa mwanawe wa pili, Pasikali. Niyonsaba ana mimba ya miezi saba na hajakanyaga kliniki hata siku moja. Miguu yake imeanza kuvimba; hayo mzee ameambiwa na mkewe, Mama Evaristi, maana mwenyewe hawezi kuitazama. Akija leo atapimwa. Asipokuja, inaweza kuwa kama ilivyokuwa mwaka jana, na mwaka jana waliishia kuchimba kaburi nyuma ya nyumba.

Kaburi hilo ni la Esteri, mke wa mwanawe wa kwanza.

Mzee Venanti alizaliwa ng'ambo ya Mto Malagarasi, nchini Burundi. Huko alikuwa msaidizi katika maabara ya misheni, na hiyo kazi ya taa na neli alifundishwa na padri mmoja aliyekuwa na mikono ya kutetemeka, kwa hiyo akahitaji mikono ya mtu mwingine. Mwaka 1972, yalipotokea mauaji, alivuka na mkewe na wanawe wawili, Evaristi na Pasikali, bila hata sufuria. Waha wakawapokea.

"Lugha tunasikilizana," anasema. "Na adabu zetu ni zilezile. Hapo sikuona ugeni."

Adabu hizo ndizo zinazosimuliwa hapa. Katika vilima hivi mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wake. Wakikutana njiani, yeye huiacha njia. Hali chakula mbele yake. Na habari ya kwenda chooni ndiyo usiseme! Mkwe akijua mzee yuko uani, anajizuia mpaka mzee aondoke, hata kama kibofu kinataka kupasuka. Kuonwa tu ukielekea nyuma ya nyumba ni aibu ya kumfanya mtu afungashe na kurudi kwao.

"Na kibofu cha mwenye mimba ni kidogo," anaeleza Mwamvua, mkunga wa kituo, mama mnene wa Kasulu ambaye ukoo wake umetokea Ujiji. "Mtoto amekikalia. Kila saa kinataka kumwagwa. Hawa wake za watoto wanateseka, wallahi, wanateseka na hawasemi."

Sasa fikiria binti aliyelelewa hivyo anapewa chupa, anaambiwa akajisaidie humo, halafu chupa hiyo ipite dirishani imfikie baba mkwe wake, aipashe moto na kuikodolea macho. Hilo ndilo lililomkuta Esteri.

Aliolewa na Evaristi mwaka 1975, akitokea Kagerankanda, wilayani Kasulu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama Evaristi anasema alikuwa hodari wa jembe na mwepesi wa kucheka, na akipika maharage hayaungui. Mzee Venanti hana mengi ya kusema kuhusu sura yake, kwa kuwa hakuitazama sana.

"Mimi nilimjua kwa sauti," anasema. "Alikuwa akitwanga anaimba. Nikiwa kitandani asubuhi nasikia wimbo, najua nyumba yangu ina watu."

Esteri alipopata mimba alikuja kliniki Jumatano tatu. Wakati huo mashine ya kupimia presha ilikuwa imepasuka mpira, na mpira mwingine ulikuwa unangojwa kutoka Kigoma. Kwa hiyo kilichokuwa kikitegemewa ni taa ya Mzee Venanti peke yake. Mara zote tatu chupa yenye kikaratasi cha jina la Esteri ilipita dirishani. Mara zote tatu aliipasha moto, mkojo ukabaki mng'avu. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Hakuna. Hakuna. Hakuna.

"Nilifurahi," anasema. "Sikuweza kumwambia, lakini nilifurahi. Nikamwambia mke wangu, huyu mtoto figo zake ni nzuri ajabu."

Mwamvua aliiona miguu ikivimba, na mara ya tatu akauona uso nao umejaa. Alimuuliza Esteri kama kichwa kinamuuma. Esteri akasema kidogo.

"Nikajisemea ni safari, ni jembe, ni jua," anasema mkunga huyo. "Karatasi imesema safi. Mimi nani nibishane na karatasi?"

Jumapili moja ya Machi 1976, Esteri alilalamika kwamba anaona vimulimuli mbele ya macho. Kabla maji ya ugali hayajachemka alianguka jikoni, mwili ukakakamaa, akaanza kutupa mikono na miguu. Kifafa cha mimba. Evaristi na majirani wakambeba kwa machela, wakakimbia naye mpaka kituoni.

Mzee Venanti alikuwa kanisani. Alifuatwa na mlinzi wa kituo, akaambiwa anahitajika haraka, basi. Alipofika alikuta chupa mezani, mkojo uliotolewa kwa mpira kwenye kibofu cha mgonjwa, mchache na mweusi kama chai iliyolala. Chupa haikuwa na jina. Akaupasha moto.

"Sikufika hata kumi kuhesabu," anasema. "Uliganda wote. Niliipindua neli hivi, juu chini, halikudondoka tone."

Akatia matone ya asidi, kama alivyofundishwa. Mkojo wenye chumvi tu ukitiwa asidi wingu lake huyeyuka. Hili halikuyeyuka. Ulikuwa ute mtupu, umeiva kama yai. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuona figo zinazovuja namna hiyo, na kwa hasira za mtu anayependa kazi yake akatoka nje na neli mkononi akimwita mkunga.

"Mama, huyu ni wa nani? Huyu figo zimeachia kabisa! Alikuwa wapi siku zote hizi? Kwa nini hamkumleta Jumatano?"

Mwamvua alimtazama tu, machozi yakimtiririka. Chini, ukutani, Evaristi alikuwa amekaa ameshika viatu vya mkewe. Ndipo mzee akaelewa.

Esteri alifariki Jumatatu saa tisa alasiri, na mtoto tumboni. Hakuzinduka hata mara moja.

Kwa wiki nyingi baada ya mazishi Mzee Venanti aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Aliidhania asidi imechuja. Akaidhania taa, akayadhania macho yake. Alinunua mayai, akakoroga ute wake kwenye maji, akaupasha moto mara kumi, na mara zote kumi wingu likatokea kama kawaida. Kijijini watu wakaanza kunong'ona. Kituoni tabibu, Ndugu Gharibu, mtu wa Pangani asiyependa makuu, alimwambia apumzike, lakini nyumbani hakukuwa na kupumzika.

"Mwanangu aliniuliza swali moja tu, basi hakunisemesha tena," anasema. "Aliniuliza, 'Baba, ulikuwa unapima nini?' Ningemjibu nini mimi?"

Jibu lilikuja siku ya kumaliza msiba, watu wote wakiwa wamekaa uani. Jirani yao Epifania, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alisimama katikati ya wageni, akapiga magoti na kuanza kulia. Ule mkojo wa Jumatano tatu ulikuwa wake.

Wote wawili walikuwa na mimba wakati huo, wakienda kliniki pamoja. Esteri alimng'ang'ania chooni. "Dada, nisaidie. Nitampaje Baba kitu kama hiki?" Epifania akacheka, akaijaza chupa ya mwenzake baada ya kuijaza yake. Wiki iliyofuata tena, na ile iliyofuata.

"Hatukujua kama ule mkojo unasema kitu," anasema Epifania sasa. "Tulidhani ni kama kodi. Kila mtu atoe, ukishatoa umetoa. Yooo! Ningejua ningemshika kwa nguvu."

Wageni waliposikia hayo walimgeukia Mzee Venanti, wakamshika mikono, wakamwambia amesafishika. Evaristi alilia begani kwake. Ndugu Gharibu mwenyewe alikuja kumpa pole na kumwambia kwamba kazi yake haina doa. Nao walidhani wanamtua mzigo!

"Niliwaambia, afadhali kosa lingekuwa langu," anasema. "Dawa ikiharibika unaimwaga, unaleta nyingine. Macho yakififia unavaa miwani. Lakini yule mtoto alikufa kwa kuniheshimu. Hilo unalitibu kwa dawa gani?"

Hata hivyo alipata la kufanya. Alikwenda kwa Ndugu Gharibu akakataa katakata kupima tena mkojo wa mwanamke yeyote. Ndugu Gharibu akamuuliza nani atapima, na mzee akamtaja Adija, binti wa miaka kumi na minane aliyemaliza darasa la saba na kuajiriwa kituoni kufua mashuka.

Baba yake Adija, Hilali, mwenye duka mjini Kibondo, aliposikia alipandisha hasira. "Nimekusomesha ukachezee mikojo ya watu?" Mzee Venanti alimfuata dukani mara nne. Mara ya nne hakusema mengi, alimsimulia tu habari za Esteri, mwanzo hadi mwisho, akiwa amesimama kaunta kati ya sabuni na mafuta ya taa. Hilali akafunga duka mchana ule, na kesho yake akampeleka binti yake mwenyewe.

Masomo yalianzia kwa mchinjaji. Mzee aliomba figo mbili za mbuzi, zikiwa bado zimeshikana na mirija yake na kibofu chake, na mchinjaji akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Alizitandaza kwenye jani la mgomba.

"Hizi ni figo," alimwambia Adija. "Unazo mbili, moja kulia, moja kushoto, nyuma kabisa, chini ya mbavu. Weka mkono mgongoni. Hapo hapo."

Akaipasua moja kwa wembe. "Damu inaingia hapa ikiwa chafu, inatoka hapa imesafishwa. Katikati kuna vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu. Unaijua pombe ya ndizi inavyochujwa kwa nyasi?"

"Mzee, sisi kwetu pombe ni haramu."

"Aa, samahani, mwanangu. Tui la nazi basi. Mama yako analichuja, siyo? Kinachotakiwa kipite kinapita, kinachotakiwa kibaki kinabaki. Humu kinachopita ni maji na uchafu, huo ndio mkojo. Kinachobaki ni damu na ute wake, ute unaojenga mwili. Kichujio kikitoboka, ute nao unapita. Sasa ute wa yai ukiuweka motoni unafanyaje?"

"Unaganda."

"Ehe. Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Akamwonyesha ile mirija miwili inayotoka kwenye figo, moja kwa kila figo, jinsi inavyoteremsha mkojo tone kwa tone, mtu awe macho au amelala, mpaka kwenye kibofu. Akakipuliza kibofu cha mbuzi kikatuna, akamwonyesha mlango wake wa chini, unaofungwa na mwenyewe mpaka apate faragha, na mrija mfupi wa kutokea nje. Akamweleza kwamba mimba huzipa figo kazi ya watu wawili, na kwamba kwa wanawake wengine, hata madaktari wakubwa hawajui kwa nini, vichujio huanza kuvuja.

"Za Esteri ndivyo zilivyokuwa?" aliuliza Adija.

Mzee aliweka wembe chini. Siku hiyo somo likaishia hapo.

Ilichukua miezi sita, na muda huo mikojo ya kina mama aliipima Ndugu Gharibu mwenyewe. Ndugu Gharibu akampa Adija mtihani wa chupa ishirini, tatu kati yake zikiwa zimechanganywa na ute wa yai na mbili zikiwa na wingu la chumvi tu. Adija akazitambua zote. Jumatano tano zilizopita akaanza kuvaa lile koti jeupe, na tangu siku hiyo Mzee Venanti na jembe lake hushuka kwenye viazi kabla mwanamke wa kwanza hajafika. Dirisha la chumba likatiwa pazia. Chupa sasa haina jina, ina namba.

Kina mama wakaja kwa wingi. Kati ya Jumatano hizo tano wawili walikutwa na wingu na wakalazwa. Mmoja ameshajifungua salama, mwingine yumo wodini.

Niyonsaba hakuja. Mama Evaristi alimbembeleza, akamgombeza, akambembeleza tena. Jibu lilikuwa moja: "Hata Esteri aliambiwa aende." Juzi akaongeza kwamba hawezi kutoa chupa mahali ambapo Baba anaweza kutokea mlangoni wakati wowote. Mama Evaristi, ambaye si mtu wa mzaha, akamwapia: "Nitakwenda kumkalia huko kwenye viazi mimi mwenyewe, ikibidi nitamfunga kamba."

Kwa hiyo leo mzee anapalilia na kusubiri. Saa nne inapita. Tuta analolipalilia sasa alishalipalilia saa moja iliyopita, lakini hakuna anayethubutu kumwambia. Huko juu vicheko vimepungua, wanawake wameanza kuondoka. Anauliza bila kugeuza shingo kama kuna mtu aliyemwona mkewe. Hakuna aliyemwona.

Saa tano kasoro robo Mwamvua anateremka mteremkoni, mkono mmoja kiunoni, akihema.

"Mzee Venanti."

"Naam, Mama."

"Nenda kamwambie Pasikali alete mkeka, blanketi na sufuria ndogo. Mkewe halali nyumbani leo."

Jembe linabaki hewani kidogo, kisha linashuka taratibu.

"Amekuja?"

"Amekuja. Mama Evaristi kamleta kwa njia ya chini, kumbe asubuhi yote wamejificha kwenye mahindi wakingoja watu wapungue."

"Na wingu?"

"Lipo. Adija katia matone, limebaki." Mwamvua anaona uso wa mzee unavyobadilika, anaharakisha. "Sikiliza kwanza! Si kama lile. Lile liliganda. Hili ni jepesi, kama maji ya mchele. Na presha nimeipima kwa ule mpira mpya, imepanda lakini haijakimbia. Tumemlaza chumba cha mwisho, kimya, chakula bila chumvi, na vidonge ameshapewa. Ikizidi, Ndugu Gharibu ataomba gari la wilaya. Tumewahi, mzee. Safari hii tumewahi."

Mzee Venanti anakaa juu ya tuta, miguu kwenye mfereji, anafunika uso kwa viganja vyenye udongo na kulia waziwazi, mbele ya mkunga na mbele ya mwandishi, kama mtu aliyekuwa amejizuia mwaka mzima na miezi kadhaa.

"Kwa Esteri niliona maji safi nikafurahi," anasema anapoweza kusema. "Leo naambiwa wingu, na nafurahi. Mke wa mwanangu ni mgonjwa, na mimi nafurahi. Nani atanielewa?"

Mwamvua anamwambia kwamba yeye anamwelewa, na kwamba anyanyuke, mkeka hautajileta wenyewe.

Saa saba mzee amerudi na mzigo kichwani, maana Pasikali alikuwa shambani na yeye hakuwa na subira ya kumngoja. Mlangoni mwa wodi anasimama. Ndani haingii. Anampa Mama Evaristi mkeka na blanketi na sufuria, anauliza kwa sauti ya chini kama amekula, anaambiwa amekunywa uji.

Hakuna anayejua kama Niyonsaba atafika mwezi wa tisa salama. Mzee analijua hilo kuliko wengi, wala hajidanganyi. Anasema anachotaka ni kitu kimoja. Ndugu Gharibu ameandika barua kwa ofisi ya wilaya, na nyingine Kasulu, akiomba Mzee Venanti aruhusiwe kufundisha mwanamke mmoja katika kila zahanati yenye siku ya wajawazito. Barua hazijajibiwa. Mvua zikikatika atakwenda Kasulu kwa miguu yake mwenyewe, na taa, na neli mbili, na figo atazikuta huko kwa wachinjaji.

"Wakinikatalia nitarudi tena," anasema. "Mimi wasinipe cheo. Waniache nibaki na chupa za wanaume. Lakini kile chumba, siku ya kina mama, awemo mwanamke. Hilo tu."

Anafunga safari ya kurudi kwenye matuta yake pale Adija anapotoka wodini, koti jeupe likimpwaya mabegani. Binti huyu si mwoga, lakini sasa anasitasita, anashika ncha ya kanga yake.

"Mzee, Niyonsaba amenituma kwako. Ila ni maneno ya aibu kidogo."

"Sema, mwanangu."

"Anasema, 'Mwambie Baba, ya leo ni yangu mwenyewe.'"

Mzee Venanti anasimama. Katika vilima hivi hakuna mkwe anayempelekea baba mkwe wake maneno ya namna hiyo, na yeye hajawahi kusikia mtu aliyepelekewa. Anautazama ukuta wa wodi, kisha anaitazama ardhi.

"Ego, ndiyo," anasema. "Mwambie nimesikia. Mwambie ahsante sana, na alale."